Walioegemea Ukuta

Profesa Nyemo Masinga aliwasha kijiti cha udi, akapuliza mwali hadi ukabaki moshi tu, kisha akakishika mbele ya kitundu cha hewa kilichokuwa chini ya ukuta. Moshi ukalala. Ukaenda taratibu hadi katikati ya chumba, halafu ukapanda darini, kwenye bomba la kutolea, ambako taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka. Hewa ilikuwa inaingia, safi na ya baridi, vilevile alivyoichora yeye mwenyewe zamani.

"Kinafanya kazi," alisema.

"Vyote vinafanya kazi, Prof," alijibu Yusta, injinia wa zamu wa Mnara wa Saba. Alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukanyaga ndani. "Nimevipima vyote vinne, nikarudia."

Vyote vinafanya kazi! Basi wanawake kumi na mmoja wamekufaje humu ndani?

Chumba kilikuwa kitupu. Mikeka na magodoro yalishabebwa. Kilichobaki ni kikombe cha plastiki chenye majani ya chai, na harufu. Harufu ile Nyemo aliijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Ni harufu ya chumba ambacho watu wamepumua humo mpaka hewa ikawaishia. Alianza kuinusa akiwa mhadhiri kijana, anabeba vipimo vyake kutoka jiko hadi jiko kwenye nyumba za tembe, anapima moshi wa kuni, na akina mama wanamcheka mpaka machozi: mtoto wa watu kasoma kote huko, karudi kupima moshi! Alicheka nao. Kisha mama yake akafa kwa kifua, akaacha kucheka, akaifanya hewa ya ndani kuwa kazi ya maisha yake.

Na vumbi lilipokuja, nchi nzima ikamkumbuka. Nje ya kioo hapakuonekana kitu isipokuwa wekundu. Mtu akitoka kipindi hiki bila barakoa yenye kopo la kuchujia hafiki mbali, mapafu yanageuka tope. Ndiyo maana watu wa Dodoma waliingia Minarani, wakafungiwa vioo visivyofunguka, wakapewa hewa ya mabomba. Mabomba hayo ni ya Profesa Masinga. Akili inayoyaendesha, ile waliyoiita Mgawaji, ni ya Profesa Masinga. Kuna watoto waliopewa jina lake kwa ajili hiyo.

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Mbeleje, binti wa Sechelela, mdogo wake Nyemo. Alikuja kwenye msiba wa jirani, akalala hapo na wanawake wenzake kumfariji mfiwa. Asubuhi akakutwa ameegemea ukuta, kanga mabegani, ungedhani amesinzia. Yeye na wengine kumi. Waliokuwa karibu na mlango walitambaa hadi korido, wakapona.

Mamlaka ya Hewa haikupoteza muda. Vipaza sauti vilishatangaza kwamba waombolezaji walikoka jiko la mkaa ndani. Nyemo alitafuta jivu mpaka nyuma ya makabati. Hata chembe. Jiko la msiba lilikuwa korido, kwa wanaume, tena la umeme.

"Ngoja nikae kidogo," alisema. Magoti yake yalikuwa yamekula miaka, na kuchuchumaa hayakutaka tena. Akajishusha sakafuni, akanyoosha miguu, akavuta sketi ifunike magoti, akaegemeza mgongo ukutani, kama anavyokaa mwanamke yeyote aliyefika msibani. Udi ulikuwa bado mkononi.

Moshi ukasimama wima.

Nyemo akautazama. Kiunoni alihisi baridi, kama mtu amemwekea kitambaa cha maji. Akasogea mbele kidogo, moshi ukalala. Akarudi nyuma, ukasimama.

"Yusta. Njoo ukae pale, mkabala na mimi. Egemea."

"Prof, mimi humu..."

"Njoo ukae!"

Yusta aliingia kwa kunyata, akakaa. Nyemo akasukuma mkoba wake kwenye kitundu cha tatu, na koti zito la Yusta akalibandika kwenye cha nne. Kisha akarudi kuegemea, wakangoja, wawili hao, wamekaa kama wafiwa katika chumba kisicho na msiba. Darini kitu kikalia, tak. Taa ya kijani ikazimika.

"Imefunga," Yusta alinong'ona. "Imefunga chumba, na sisi tumo!"

Ilifunga kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa. Hewa safi ya Minara haitoshi kumwagwa ovyo, na watu wanaosafiri kabla ya msimu wa vumbi huziba matundu kwa matambara ili nyumba isichafuke. Basi Nyemo alimfundisha Mgawaji jambo moja jepesi, jambo lililompa tuzo na kiti cha uprofesa: chumba ambacho matundu yake yote yamezibwa hakina mtu. Kifunge, bomba la kuingizia na la kutolea, hewa yake wape wengine.

"Lakini kuna pua," Yusta alisema. Pua ndivyo walivyokiita kipimo kinachosikia pumzi za watu. "Pua ingesikia kwamba chumba kimejaa."

"Pua iko ndani ya bomba la kutolea. Bomba likifungwa, pua inanusa hewa iliyolala mle ndani. Kwake yeye chumba ni kisafi kabisa."

"Sasa nani aliyeiweka..." Yusta akaishia hapo. Kitabu alichosomea kilikuwa na jina la aliyeiweka.

Nyemo alikuwa akiyafikiria masanamu. Maabara yake ilikuwa na masanamu ya watu yaliyoagizwa ng'ambo, yenye balbu tumboni ili yatoe joto la mwili, na wanafunzi waliyapa majina na kuyavalisha kofia. Yaliletwa yakiwa yamekunjwa tayari kwa ajili ya kiti. Hayakuweza kukaa chini hata ungefanyaje. Miaka yote ile aliyapanga kwenye viti, safu kwa safu, akapima hewa inavyoyafikia puani, akaandika. Na jioni anatoka maabara, anakwenda msibani, anavua viatu, anakaa mkekani na kuegemea ukuta pamoja na shangazi zake. Haikumjia hata siku moja! Mtu aliyezaliwa mkekani, akalelewa mkekani, akawatengenezea watu wake nyumba za watu wa kwenye viti.

Na wale wanawake wasingejua. Hewa ikiisha hivyo haikabi koo. Kichwa kinauma, jasho linatoka, usingizi unakuja. Na nani asiyeumwa kichwa msibani? Kila mmoja alidhani ni kulia.

*

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Hewa, Elieza Chidosa, aliwahi kuwa mwanafunzi wake na mpaka leo alimwita Mwalimu. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akanyanyuka akaenda dirishani, akasimama akiutazama ule wekundu.

"Nani mwingine anajua?"

"Yusta."

"Mwalimu, nikuulize. Nikitangaza sasa hivi kwamba mabomba yameua watu, watu watafanya nini?"

Nyemo akageuza macho kutoka kwenye kioo.

"Sema tu. Kule Mnara wa Pili wewe ulikuwepo."

"Watavunja vioo," alisema Nyemo.

Hakuna aliyeusahau Mnara wa Pili. Mwaka uliopita ulizuka uvumi kwamba mabomba yanaleta homa, na kabla jua halijatua watu wakawa wanavunja vioo kwa stuli na michi ili wapate hewa ya Mungu. Hewa ya Mungu ilikuwa vumbi. Ukivunja kioo kimoja, msukumo wa hewa ndani ya mnara mzima unaanguka, na vumbi linapanda ngazi lenyewe. Watoto ndio waliotangulia. Elieza alizika mwanawe pale, wa pekee, na siku ya pili yake alikuwa kazini na macho makavu.

"Basi tusiseme yote," Nyemo alisema. "Tuwaambie tu wasiegemee kuta."

"Wakiuliza kwa nini? Mkaa na ukuta vimekutana wapi?" Aligeuka. "Wagogo wenzetu si wajinga, Mwalimu. Utawapa uzi, watauvuta mpaka waufikie mwisho."

"Badilisha basi maagizo ya Mgawaji. Asifunge."

"Akiacha kufunga, hewa itapita wapi, na migongo imekaa juu ya matundu? Wewe ndiye uliyenifundisha hayo."

Kweli, yeye ndiye aliyemfundisha.

"Nimeshachukua hatua," Elieza aliendelea. "Misiba marufuku hadi vumbi litulie. Tangazo limetoka, walinzi wanapita mlango kwa mlango. Pasipo msiba hakuna wa kuegemea. Vumbi likitulia nitakushikia kipaza sauti mimi mwenyewe, useme mpaka uchoke, na mimi wanifukuze kazi. Siku chache tu. Nakuomba."

Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi! Nyemo alimtazama, akamwona baba aliyemfunika mwanawe shuka, akaona maelfu ya watoto wamelala nyuma ya vioo. Upande wa pili akawaweka kumi na mmoja ambao walishakufa na hawataamka hata akisema nini.

"Sawa," alisema. Wakapeana mikono.

*

Alipanda kwa Sechelela, ghorofa ya juu ya Mnara wa Saba. Dada mtu alikuwa hajatia mguu kwa mdogo wake tangu mtoto afe. Alijidanganya kwamba uchunguzi unambana. Ukweli aliogopa.

Korido ilikuwa tupu. Hakuna wanaume, hakuna sufuria, hakuna bao. Nyemo akashusha pumzi. Amri imefanya kazi, alijisemea, wametawanyika. Akafika mlangoni, akainua mkono abishe, ndipo akaona.

Chini ya mlango palikuwa pamesokomezwa kanga. Imekunjwa vizuri, imesukumwa kwa kidole hadi kona zote, ili sauti isitoke.

Walinzi walikuwa wakisikiliza milangoni. Na wanawake, badala ya kuacha kulia, walikuwa wameziba ufa wa mwisho uliobaki.

Alipiga mlango kwa ngumi mbili. "Nyemo! Mimi Nyemo, fungueni!"

Mlango ulifunguliwa kidogo, mkono ukamvuta ndani, ukafungwa tena. Joto likampiga usoni. Walikuwa wamejaa, kuta zote nne, bega kwa bega, migongo ukutani na miguu imenyooshwa katikati, wanalia ndani ya kanga zao bila sauti. Hakuna kilio kibaya kama kile. Darini, taa ya kijani ilikuwa imezimika.

"Kichwa kinanigonga," alisema binti mmoja karibu na mlango.

"Kichwa cha kulia hicho," akajibiwa. "Lala kidogo."

"Asilale!" Nyemo alisema. "Asilale mtu! Ondokeni ukutani, wote. Njooni katikati."

Wakamtazama. Shangazi wa marehemu, mwanamke mkubwa aliyekuwa amekula chumvi nyingi na hakumwogopa profesa wala waziri, aliinua kidevu. "Ala! Huyu kaja msibani au kaja lindo? Hata pole hajasema."

"Poleni," Nyemo alisema. "Poleni sana, shangazi. Pole, mdogo wangu."

Sechelela alikuwa kwenye godoro, ukuta wa mbali, mahali pa mfiwa. Macho yamevimba. "Umekuja, dada," alisema. "Nilidhani na wewe unaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya mwanangu. Wanasema Mbeleje ndiye aliyekoka jiko, eti kwa sababu ndiye alikuwa kijana, ndiye aliyekuwa akitumwa. Wamepita hapo mlangoni wanasema kwa sauti ili nisikie. Mama wa mmoja wa wale marehemu amekataa mkono wangu." Alifuta pua. "Mbeleje! Mtoto aliyekuwa akiogopa hata kiberiti. Wewe unamjua, dada. Wewe ndiye uliyekuwa ukimcheka."

Nyemo alikuwa na uongo tayari. Ulimjia ukiwa mzuri, umekamilika: kuta zina shoti ya umeme, msiguse. Wangeruka wote mara moja. Angetoka hapo akakimbilia msiba wa pili, na wa tatu, na uongo wake mkononi, na vioo vingebaki salama. Na Mbeleje angebaki kuwa msichana mpumbavu aliyeua watu kwa mkaa, na mama yake angezeeka akikataliwa mkono.

Angeweza. Kidogo tu angeweza.

"Tusogee kwa nini?" Sechelela aliuliza.

"Kwa sababu hapakuwa na mkaa," alisema Nyemo. "Mbeleje hakuwasha kitu. Hayo matundu mliyoyaegemea ndiyo yanayoleta hewa. Ukiyaziba yote, mashine inadhani chumba hakina mtu, inakifunga. Iliwafunga wale. Na sasa hivi imewafunga ninyi, ndicho kichwa mnachokisikia. Mimi ndiye niliyeifundisha. Mbeleje ameuawa na kazi yangu."

Hata waliokuwa wakilia waliacha. Sechelela alimtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa, na Nyemo akatamani apigwe kofi yaishe. Hakupigwa.

"Sogeeni," Sechelela aliwaambia wenzake, taratibu. "Mmesikia. Njooni katikati."

Wakajikokota. Magodoro yakaburutwa, wazee wakashikwa mikono, miguu ikapishana, hadi wakawa rundo moja katikati ya chumba. Nyemo akachomoa kanga chini ya mlango. Darini kitu kikalia, tak, na taa ikawaka. Akawasha udi, akaushika mbele ya ukuta, na moshi ukalala kuelekea kwao. Shangazi akavuta pumzi ndefu, akaguna, "Loo!" Binti aliyekuwa akiumwa kichwa akaanza kulia upya, sasa kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Binti mwingine alikuwa na simu sikioni. "Mama mdogo, mko kwenye msiba huko Mnara wa Nne? Tokeni! Tokeni ukutani! Profesa mwenyewe kasema, mabomba ndiyo yameua, si mkaa! Mashine inafunga watu!"

"Waambie wakae katikati," Nyemo alisema. "Waambie wasiguse vioo. Sikia, mwanangu, hilo ndilo kubwa, wasiguse vioo!"

"Wasiguse vioo," binti alirudia, halafu akaitazama simu. "Ameshakata."

Wengine walikuwa wameshatoa simu zao. Dada, wifi, mama mkwe, majirani wa ghorofa ya chini. Kila mmoja alisema jambo moja la kwanza, kwamba mabomba yameua, na kabla hajafika la pili, upande wa pili palikuwa pameshalipuka kelele. Nyemo alikwenda kwa huyu, akaenda kwa yule, anawasihi, anashika mikono. Angeweza kuwanyang'anya simu. Lakini hizo ndizo zilizokuwa zikiwaondoa watu ukutani, kwenye misiba mingine yote, muda uleule.

Akarudi kwenye udi wake, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Moshi bado ulikuwa umelala vizuri. Akaanza kuamini.

Kisha ukatikisika. Ukasimama wima, ukasitasita, halafu ukageuka. Ukaanza kuelekea mlangoni, kwenye ule ufa wa chini, kwa haraka kama unavutwa na kamba.

"Dada," Sechelela alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake. "Mbona unakwenda huko?"

Katika miaka yake yote ya kusoma moshi, Nyemo hakuwahi kutamani kuusoma vibaya kama siku ile. Hapakuwa na sauti yoyote bado. Mnara ulikuwa kimya, taa ya kijani inawaka, wanawake wanapumua.

"Kuna mtu amevunja kioo," alisema. "Ghorofa za chini. Msukumo unaanguka. Vumbi liko njiani."

"Tuna muda?"

"Kidogo. Chovyeni kanga kwenye maji, zote. Mzibe pua. Wenye watoto vyumbani wakawalete hapa, na huu mlango tuuzibe tena."

Wanawake wakainuka kwa pamoja, walewale waliokuwa hawajiwezi kwa kulia. Ndoo ya maji ya msiba ikavutwa katikati. Mbali sana chini, ndipo kioo cha pili kikasikika, na cha tatu, na sauti za wanaume wakishangilia.

Sechelela aliivua kanga iliyokuwa mabegani mwake. Ilikuwa ya Mbeleje, ile aliyokutwa nayo. Akaishika kwa meno, akaichana katikati, akachovya vipande vyote viwili, akavikamua. Kimoja akajifunga usoni. Cha pili akamnyooshea dada yake, bila kumtazama.

"Jifunge," alisema. "Usije ukafa. Bado sijamalizana na wewe."